Buni Niliyoichinja Mwenyewe

Isiolo, Jumatatu, Novemba 1986

Ta. Kimya. Ta-ta.

Ni mlio wa buni inayopasuka ndani ya samli. Nimeusikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sikuwahi kuusikiliza. Tangu Jumamosi hautoki masikioni mwangu. Nikifungua sanduku la shule kutafuta kalamu, ta. Nikisimama kuswali, ta-ta, mpaka nasahau niko rakaa ya ngapi.

Leo mawingu yamekaa upande wa mlima tangu asubuhi na hayataki kushuka kwetu. Mvua ya Ijumaa bado iko barabarani, imekuwa matope yanayovua watu viatu. Nina hasira, na ni hasira safi. Naiandika kabla haijachanganyika na kitu kingine.

Daftari la kwanza lilijaa mwaka jana. Nililifunga kwa kupiga mistari miwili chini ya ukurasa, kama tunavyofanya tukimaliza insha. Ndani yake ni Jarso, mwanzo hadi mwisho. Jarso aliyekaa muhula mzima bila kunisemesha kwa sababu ya maneno ya watu, halafu akaja siku ya michezo na kuniomba radhi mbele ya wavulana wote wa shule yao, masikio yamemwiva kwa aibu. Nilimsamehe. Nikaandika kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Nilidhani msichana akishapatana na kijana, kinachobaki ni kufaulu mtihani tu. Sikujua kwamba chini ya ile mistari miwili kuna ukurasa mwingine, na kwamba watu wengine wangeuandika.

Ijumaa tulimaliza karatasi ya mwisho ya Kidato cha Nne. Jarso naye alikuwa amemaliza, akaja getini kwetu, akabeba sanduku langu la bati begani na godoro kichwani. Hakukubali nibebe hata ndoo. Aliviweka chini kwenye kona ya kinu cha unga, maana kutoka pale Baba anaweza kuona. Alikuwa amelowa jasho na anatabasamu peke yake.

"Kesho utakuwa nyumbani?" akaniuliza.

"Niende wapi? Shule si imekwisha."

Akacheka, akaondoka. Jioni nzima nilikuwa na furaha kwa ajili ya swali lile. Sasa nikilikumbuka nataka kutupa kitu. Aliniuliza kama mtu anayeuliza kama duka litakuwa wazi.

Jumamosi asubuhi Akko aliniwekea ungo wa buni mapajani. Akko ni bibi yangu, mama yake Baba. Yeye husema Kiborana tu, kwa hiyo maneno yake nayageuza mimi hapa.

"Chinja hizi," akasema. "Kuna wageni, na mimi meno yangu yalishaenda malishoni."

Kwetu ndivyo tunavyosema: buni inachinjwa. Hatuisagi. Unashika punje ikiwa bado na ganda lake, unaing'ata ncha kwa meno ya mbele ili samli ipate pa kuingia, unaiweka kando, unachukua nyingine. Isipochinjwa haipasuki vizuri, na kazi hiyo ni ya wanawake. Wageni hawakunishangaza. Baba ananunua na kuuza ng'ombe, na hakuna wiki inayopita bila wazee kukaa kwetu na kula buni kwa maziwa.

Nikachinja. Nilikuwa hata naimba kidogo. Nilikuwa nimekaa bwenini muda mrefu, nikila maharage yenye wadudu, na ladha ile chungu ya ganda ilinifanya nijione nimerudi kwetu kweli. Akko alikuwa ananitazama na kucheka chini chini. Nilidhani ananicheka kwa kuwa nimekuwa mzito.

"Kumbe shule haikuharibu meno," akasema.

"Meno ni yale yale, Akko."

"Ninayaona. Hayachelewi."

Mama alipita na sufuria, akatuona, akageuza uso. Hilo pia nililiona na sikulisoma. Nimefundishwa kusoma mashairi mpaka nikajua mshairi alikuwa na kiu siku gani, na mama yangu mwenyewe akanipita hivyo nisielewe kitu.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Nikasikia salaam mlangoni, viatu vikivuliwa, Baba akiwakaribisha kwa sauti yake ya mikutano. Mimi na Akko tulikuwa jikoni. Samli ilipopata moto akamimina buni, akafunika, tukangoja.

Ta.

Na katikati ya mlio na mlio, kutoka barazani, sauti ya mzee ninayemfahamu, mjomba wake Jarso, mwenye kukohoa kabla ya kila neno. "Huyu binti yenu, Talaso." Ta-ta. "Kijana wetu." Ta. "Nyumba moja."

Akko akachovya vidole kwenye samli, akanipaka kwenye paji la uso. Samli ilikuwa ya moto. Ilinitiririka mpaka kwenye nyusi.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Ya kheri."

"Kheri ya mtihani?"

Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtihani gani? Wewe ndiye umeichinja. Ungo mzima, hukubakiza hata punje. Msichana asiyetaka huwa na meno mazito, mimi nilikaa nayo mpaka jua likazama."

Ndivyo nilivyojua. Buni ya posa yangu mimi niliichinja kwa meno yangu, huku naimba.

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna mwingine anayesoma. Kabla ya hasira kulikuwa na furaha. Ilikuja yenyewe, tumboni, kama mtu anayeteremka mlima mbio. Jarso. Jarso wangu ametuma wazee. Ikakaa muda wa buni mbili tatu kupasuka. Kisha nikakumbuka kona ya kinu cha unga na lile swali, nikaelewa kwamba wakati ananiuliza, wazee walikuwa wameshapewa siku, Baba alikuwa ameshakubali kuwapokea, Mama alikuwa ameshaweka maziwa kando. Mji mzima ulijua isipokuwa mwenye meno.

Hawakuniita. Walikula buni, wakapakana samli, wakaomba dua. Nilisikia "amin" za watu wengi.

Walipoondoka Akko alitundika mfuko wa kitambaa kwenye msumari juu ya kitanda chake. Watu wa Jarso walikuwa wametuma buni nyingi kwa Akko kabla ya siku hiyo, na kwa kawaida yetu nusu hukaangwa siku ya kwanza na nusu hubaki. Hiyo iliyobaki hukaangwa wazee wakirudi kupanga siku ya nikaha. Wanarudi Alhamisi. Ikishapasuka nusu ile ya pili, hakuna tena wa kusema ngoja. Harusi inatakiwa kabla ya Jarso kuhamia Merti, ambako baba yake anafungua duka. Yaani kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Yaani kabla sijajua kama nimeitwa Kidato cha Tano.

Jana nilimtafuta. Nilikwenda na Akiru, rafiki yangu wa darasani, aliyetoka kanisani na kofia yake ya kwaya bado mkononi. Njiani nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo wewe umejiposa."

"Akiru."

"Mimi naongea ukweli. Kwetu angalau wanaleta ng'ombe, unaona mwenyewe hii ni harusi. Nyinyi mnaletewa kahawa, mtu anadhani ni chai ya saa nne."

Nilicheka. Nilimchukia kwa kunichekesha.

Jarso alikuwa nyuma ya nyumba yao, kwenye lori la baba yake, akikaza turubai kwa safari ya leo. Aliponiona aliruka chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo zuri na anangoja kuambiwa. Akiru alibaki karibu na tairi la mbele, akijifanya anasoma maandishi ya mlangoni.

"Umefurahi?" akauliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka."

Hapo ndipo alipoona sicheki. Akafuta mikono kwenye suruali. "Talaso, si ndiyo tulitaka? Wengine wanajificha huko mtoni, wanaharibu majina ya wasichana wa watu. Mimi nimepitia mlangoni. Nimemwambia baba, nimemwambia mjomba, nikaenda mwenyewe kwa Akko wako na sukari."

"Umewamaliza wote. Nani amebaki?"

Akafikiri. Naapa alifikiri, kama mtu anayetafuta shangazi aliyesahauliwa.

"Wewe nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mwaka jana si ulinijibu."

"Mwaka jana uliniuliza kama nimekusamehe."

Nikamuuliza kuhusu Kidato cha Tano, akasema mtu anaweza kusoma hata Merti, ataniletea vitabu na lori, vyote ninavyotaka. Na alisema kwa moyo. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya, ningekuwa nimelala vizuri. Akasema anaogopa. Wasichana wakienda kusoma mbali hurudi na macho mengine, hivyo alisema, na yeye hataki kungoja miaka miwili ili aje kutazamwa na macho mengine.

"Basi waambie wazee wangoje," nikasema. "Waambie wewe mwenyewe."

"Buni imeshaliwa. Siwezi kuwarudisha wazee wa watu njiani kama mbuzi."

"Imeliwa nusu."

"Na ile nusu aliichinja nani?" Alitabasamu kidogo, akidhani amenishika. "Akko wako ameshamwambia mama yangu. Kila mtu anacheka, wanasema hujakataa, umechinja kama mashine."

Akiru aligeuka kutoka mlangoni mwa lori. "Hakujua ni yake, bwana. Ungempa ungo wa risasi angeng'ata tu."

Niliondoka bila kuaga. Sikulia mpaka nilipofika kwenye kinu cha unga, na pale nililia kwa sababu ni pale aliposhusha sanduku langu polepole ili kona zisikwaruzike.

Meno yangu si neno langu. Niliirudia sentensi hiyo njia nzima. Saa kumi na moja alfajiri leo nilikuwa bado nayo.

Baba nilimpata baada ya alfajiri, akinoa wembe wa kunyolea. Si mkali, Baba. Watu wanamwogopa kwa sababu ya urefu. Nilimwambia sikuulizwa. Aliweka wembe chini.

"Mama yako aliniambia mnafahamiana tangu zamani."

"Tunafahamiana."

"Na kijana ni wa watu wazuri."

"Ni mzuri, Baba."

"Basi nikasema umekubali." Akanitazama kwenye kile kioo kidogo, si usoni. "Mimi nilimuuliza mama yako. Mama yako alimuuliza Akko. Akko alimuuliza nani?"

"Meno yangu."

Mdomo wake ulicheza kidogo. Kisha akawa mzito tena. "Sasa mimi nimekula, Talaso. Nimepakwa samli mbele ya watu. Mtu aliyekula harudishi. Mimi siwezi kuirudisha."

Nikasubiri sentensi ya pili. Mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kutazama kilichosemwa na kilichoachwa. Baba alisema *mimi siwezi kuirudisha*. Hakusema isirudishwe. Hakusema usiende popote. Alichukua wembe, akaendelea na kidevu chake, na alinyoa polepole mno kwa mtu anayewahi mnada.

Mama sikumuuliza. Alikuwa uani akifua, na nilipopita alisema bila kuinua kichwa kwamba yeye alitolewa Darasa la Nne, na kwamba mpaka leo huota ametumwa chaki na hajui darasa liko wapi. Alikamua shuka kama anamkamua mtu.

Nimeandika mpaka hapa kama mtu anayepima afanye nini. Sipimi. Lilishafanyika leo mchana, na wino huu ni wa kulitazama tu.

Adhuhuri Akko alikuwa anaswali. Nilitoa mfuko kwenye msumari. Sikumficha. Nilingoja atoe salaam, kulia na kushoto, nikamwonyesha.

"Unaipeleka wapi?"

"Ilikotoka."

"Hiyo hurudishwa na wanaume. Tena gizani."

"Wanaume wamekula, Akko. Mimi nilichinja tu, sikula hata punje moja."

Alikuwa anakumbuka Jumamosi, naona, anatafuta mkono wangu kwenye bakuli. Hakuupata. Nilikuwa jikoni na samli usoni wakati wao wanakula. Akko amechinja, amekaanga, ameposwa kwa buni, ameoza binti zake kwa buni, na anajua kuliko mimi kwamba asiyekula hajasema. Alianza kuhesabu tasbihi yake, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nilipita sokoni. Kuna njia ya nyuma, karibu na boma la mnada, ambayo mtu mwenye aibu angeipita. Mimi nilipita katikati, kwenye matope, mbele ya akina mama wa maziwa na vibuyu vyao. Mfuko niliubeba mbele, kwa mikono miwili. Walijua ni nini. Mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Talaso, unakwenda kupika kwa mama mkwe mapema hivyo?" mmoja akaniuliza.

"Naenda kurudisha chombo cha watu, mama."

Nyuma yangu nikasikia wakicheka, halafu nikasikia wakiacha kucheka.

Mama yake Jarso alinipokea mlangoni. Nilimpa salaam, akaitikia, macho yakiwa kwenye mfuko. Lori lilikuwa limeondoka asubuhi. Jarso yuko njia ya Merti na atarudi Jumatano.

"Baba yako amekataa?"

"Hapana, Mama. Baba amekula. Ni mimi."

"Na wewe unamkataa mwanangu?"

"Simkatai. Sijaulizwa."

Alifungua mfuko, akaingiza mkono, akaleta punje kadhaa kwenye mwanga. Alizigeuza kwa kidole gumba. "Hizi hazijachinjwa."

"Hazijachinjwa. Zile nyingine nilizichinja nikidhani ni za watu wa ng'ombe."

Kitu kilimpita usoni. Aliuma mdomo wa chini, mabega yakatikisika, na kwa muda mfupi alikuwa msichana wa umri wangu aliyesikia kichekesho msikitini. "Yule bibi yako," akasema. Kisha akakaza uso. "Hiki ni kiburi cha shule. Nilimwambia Jarso. Nilimwambia, huyo anasoma mpaka akitembea."

"Ndiyo, Mama."

"Mjini watasema."

"Wameshaanza, nimepita sokoni."

Akanitazama kuanzia matope ya viatuni mpaka shungi. Niliingiza mikono ndani ya buibui. Sikurudi nyuma.

"Nimwambie nini akifika?"

Hilo nilikuwa nimeshalitayarisha tangu alfajiri, kwa maneno mazuri, marefu, yenye haki za mwanamke na thamani ya elimu. Yote yalinitoka kichwani.

"Mwambie ninampenda," nikasema, kwa mama yake, mchana kweupe, na hata sasa nikiandika masikio yananiwaka. "Mwambie nikiitwa Kidato cha Tano nitakwenda. Nisipoitwa nitarudia mtihani. Akiwa bado ananitaka, aje aniulize mwenyewe, kwa mdomo, asije na sukari kwa Akko. Na awe tayari kusikia jibu ambalo halijui."

Hakunikaribisha chai. Lakini hakunirudishia mfuko pia. Aliingia nao ndani, na nilisikia akiutundika mahali, kwenye msumari wao.

Nimerudi kwa njia ile ile ya sokoni. Hapa nyumbani hakuna anayenisemesha isipokuwa Akko, aliyekuja mlangoni muda mfupi uliopita, akasimama akinitazama ninavyoandika.

"Umekwenda gizani?"

"Nimekwenda jua likiwa kichwani."

"Kupitia wapi?"

"Sokoni."

Akatoa mlio kwa ulimi na kuondoka. Sijui ulikuwa wa kunilaumu au wa kitu kingine. Yeye alikaa na ungo mpaka jua likazama, alisema, halafu akachinja. Nitamuuliza siku moja alikuwa anangoja nini.

Alhamisi wazee hawatakuja. Jarso atafika keshokutwa jioni na kuukuta mfuko ukutani kwao. Huenda akakasirika, akatafuta msichana mwingine huko huko Merti, na mimi nitasikia harusi yao ikipita hapa na lori lile lile nililosimama karibu nalo jana. Nimelifikiria hilo mpaka mwisho wake. Linauma pale pale nilipodhani litauma.

Mfuko nimeupeleka. Niliupeleka mwenyewe, na punje zake zote ni nzima.